Miaka mitatu na nusu, kwenye karatasi ni sifuri

Keki ilikuwa ya dukani, ya chokoleti, na mtu wa zamu ya mchana alikuwa ameichomeka kibendera cha Uingereza kwa kijiti cha meno. Barua yangu ya makazi ya kudumu ilikuwa imetoka wiki hiyo, na katika nyumba ya wazee ninayofanya kazi ya uuguzi hapa Reading, Uingereza, jambo kama hilo halipiti kimya. Mzimbabwe wetu aliimba. Mfilipino alipiga picha. Mzee mmoja wa vyumba vya chini, ambaye siku hizi anasahau mambo, alinipongeza kwa kuolewa.

Mama Danylo alikuja wa mwisho, baada ya kumlaza bibi anayemhudumia, wa chumba cha pembeni. Jina lake silitaji. Nitamwita kama tunavyoitana kwetu, kwa jina la mtoto wa kwanza, na hata hilo la mtoto nimelibadilisha. Ametoka Kharkiv, Ukraine, alikuwa mhasibu, hapa anafanya kazi ya kea, ya kuwahudumia wazee.

"Walianza kukuhesabia lini?" akaniuliza.

"Tangu siku viza ilipoanza. Miaka mitano."

Akakata kipande cha keki, akakiweka kwenye sahani ya karatasi, akasema bila uchungu wowote, kama mtu anayesoma mita ya umeme: "Mimi nina mitatu na nusu. Kwenye karatasi ni sifuri."

Kisha akauliza nani anashika zamu ya Jumapili.

Miezi kadhaa imepita na bado naisikia ile sauti yake.

## Tulivyosema mwaka 2022

Mnakumbuka makundi yetu ya WhatsApp yalivyokuwa Machi ile, Urusi ilipokuwa imeivamia Ukraine. Video za wanafunzi wa Kiafrika wakizuiwa kupanda treni pale Lviv, magharibi mwa Ukraine, tamko la Umoja wa Afrika la kukemea ubaguzi mipakani, halafu siku chache baadaye Uingereza inafungua viza za Waukraine: bure, bila ada ya matibabu, kazi unaruhusiwa, shule unaruhusiwa, na mwenyeji anayekupokea nyumbani kwake anapewa pauni 350 kwa mwezi kama shukrani.

Sisi tulikuwa tumetoka kulipia kipimo cha kifua kikuu, mtihani wa Kiingereza, viza yenyewe. Wenzetu waliokuja kwa viza za kawaida za kazi wanalipa na ada ya afya, ambayo sasa ni pauni 1,035 kwa kila mwaka, kwa kila kichwa.

"Dada, ngozi nayo ni pasipoti," mtu mmoja aliniandikia. Sikumbishia, na hata leo simbishii. Msudani aliyekimbia mabomu ya Khartoum mwaka 2023 hakufunguliwa mlango wa namna hiyo, na kila mtu anajua.

Ila kuna sharti moja ambalo wengi wetu hatukulisoma, kwa sababu halikutuhusu. Viza ile ilikuwa ya miaka mitatu, na miaka hiyo haikuelekea popote. Ukikaa mitatu, ukikaa mitano, huwi hata hatua moja karibu na makazi ya kudumu. Mwaka 2024 waliokuwa wakija wapya wakapunguziwa hadi miezi 18. Februari 2025 ukafunguliwa mpango wa kuongeza muda kwa waliokwisha kuwepo, miezi 18 mingine, nao hauelekei popote. Septemba 2025 serikali ikatangaza kwamba baada ya hiyo itafuata miezi 24.

Mitatu, na mmoja na nusu, na miwili. Mtoto wa darasa la kwanza anamaliza la sita, na jumla bado ni ile ile aliyoitaja Mama Danylo mbele ya keki yangu.

## Maisha yenyewe hayakusubiri

Alifika kiangazi cha 2022, mjamzito, akiwa na Danylo wa miaka 12 na begi moja la magurudumu. Walipokelewa na mume na mke wastaafu kwenye kijiji nje ya Reading, wakapewa vyumba viwili vya juu. Anawasifu sana wale wazee. Anasema pia kwamba kuishi jikoni kwa mtu mwingine kunachosha hata kama mtu huyo ni malaika: unapika borshi, supu ya kwao, kwa kunyata, unafungua friji kama mgeni, unaosha sufuria kabla hujala. Nilicheka, maana nilikaa kwa binamu yangu Luton nilipofika, na naijua ile kuosha sufuria.

Binti alizaliwa vuli hiyo hiyo. Baba yake yuko Kharkiv, ana miaka 45, na tangu vita vianze mwanamume wa umri wake haruhusiwi kutoka nchini. Mara ya kwanza alipomshika mtoto ilikuwa Lviv, mtoto akiwa tayari anatembea. Ndege hazitui Ukraine tangu Februari 2022, kwa hiyo mama aliruka hadi Poland, akavuka mpaka na watoto wawili kwa basi. Wakakaa pamoja siku chache, kila mtu akarudi upande wake.

Danylo ndiye aliyenifundisha kuwa neno "kuzoea" ni kubwa kuliko tunavyolitumia. Miaka miwili ya mwanzo alisoma shule mbili. Asubuhi sekondari ya Kiingereza, sare na tai. Jioni masomo ya Ukraine kwenye kompyuta, hesabu za kule, historia ya kule, walimu wanaokatika kila king'ora kinapolia. Mama alisisitiza. Alitaka siku wakirudi kijana asirudishwe darasa. Wapo wazazi wengi wa namna hiyo Ulaya nzima, na sikumwelewa hadi nilipojiuliza ningefanya nini mimi, kama ningeambiwa na serikali kila mara kwamba uwepo wangu ni wa muda.

Mwaka wa tatu Danylo alikataa. Hakugombana. Alifunga tu kompyuta, akasema amechoka kuwa na kazi za nyumbani za nchi mbili.

Nyumbani Kharkiv walikuwa wanaongea Kirusi, kama familia nyingi za mji ule. Vita vilipoanza mama akaamua Kiukraine tu, na bado anajikwaa akikasirika. Danylo na mdogo wake wao kwa wao wanaongea Kiingereza, tena kile cha mtaani cha Reading, cha kumeza herufi. Mama anawakemea kwa Kiukraine, wanajibu kwa Kiingereza, wanaelewana vizuri tu. Nyumba ngapi za Wachaga na Wakikuyu wa hapa ziko hivyo hivyo?

## Tarehe

Kinachomchosha ni tarehe.

Alipotaka kuondoka kwa wale wazee akapange, wakala wa nyumba alitazama mwisho wa kibali chake, akamwomba mdhamini mwenye kipato kikubwa na kodi ya miezi sita mkononi. Sheria ya England inamtaka mwenye nyumba athibitishe kwamba mpangaji ana haki ya kuwepo. Hakuna sheria inayomlazimisha kumkataa mwenye kibali kifupi. Lakini mbele ya waombaji wanane, nani atachukua mwenye tarehe?

Mpango wa kuongeza muda ulipofunguliwa, mwanzoni uliruhusiwa kuomba katika siku 28 za mwisho za kibali chako, si kabla. Fikirieni hilo. Mwajiri anaona kibali kinaisha mwezi ujao. Mwenye nyumba anaona hivyo hivyo. Na wewe huwezi hata kuonyesha kwamba umeshaomba. Mama Danylo aliomba siku ya kwanza ya zile 28, usiku wa manane, pale kwenye chumba chetu cha mapumziko, kwa simu. Fomu tatu, maana na yule mdogo aliyezaliwa hapa alihitaji yake.

Kuzaliwa hapa hakumfanyi mtoto kuwa Mwingereza kama mzazi hana makazi ya kudumu. Wenye watoto mnajua. Ila sheria ya uraia ya 1981 ina kipengele ambacho Mama Danylo anakijua hadi nambari: mtoto aliyezaliwa Uingereza akaishi hapa miaka kumi ya kwanza ya maisha yake anaweza kusajiliwa kuwa raia. Kwa binti yake ni mwaka 2032.

Katika familia nzima, anayehesabiwa ni yule anayelala na kidole mdomoni.

## Wale wa Tengeru

Mimi ni mtoto wa Usa River, kule Arusha. Tulipokuwa wadogo tulijua kwamba pale Tengeru, ndani ya eneo la chuo cha mifugo, kuna makaburi ya Wapolandi. Tuliyajua kama tunavyoujua Mlima Meru, yapo, basi. Hakuna aliyetueleza walifuata nini.

Nilikuja kuisoma habari yao nikiwa huku. Walikuwa karibu 5,000, wengi wao wanawake na watoto, walioletwa Tanganyika kuanzia 1942. Wasovieti walikuwa wamewahamisha kwa nguvu kutoka mashariki mwa Poland ya wakati ule hadi Siberia na Kazakhstan. Walipoachiwa wakapitia Iran, wakagawanywa. Wanaume wengi walikuwa vitani. Serikali iliyowapokea ilikuwa ya Waingereza, na iliwapokea kama watu wa muda. Wakajenga makanisa, shule, hospitali. Watoto walifundishwa kwa Kipolandi, kwa mtaala wa kwao, ili siku wakirudi wasirudishwe darasa.

Vita vilipoisha, mipaka ilikuwa imesogezwa. Vijiji vya wengi wao vilikuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti. Leo sehemu kubwa ya maeneo yale ni magharibi mwa Ukraine, ikiwemo Lviv yenyewe, pale baba Danylo alipomshika binti yake mara ya kwanza.

Wengi hawakurudi. Walikwenda Uingereza, Kanada, Australia. Wachache walibaki Arusha hadi kufa.

Nilimsimulia Mama Danylo habari hii kwenye basi la asubuhi baada ya zamu. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Wale watoto, ile shule ya Kipolandi iliwasaidia?"

Sikujua nimjibu nini. Iliwasaidia kubaki Wapolandi, nadhani. Kurudi, haikuwasaidia.

Si kwamba Waingereza hawajaona mambo haya kwao wenyewe. Hapa hapa Reading pana nyumba ya jumuiya ya Waukraine, na chama chao cha nchi nzima kilianzishwa mwaka 1946. Waanzilishi ni watu waliotawanywa na Vita vya Pili vya Dunia. Baada yao wakaja wengine kufanya kazi za mashamba na viwanda vya nguo, wakidhani ni miaka miwili mitatu. Jumamosi Mama Danylo anampeleka binti yake pale kuimba. Wanaowafungulia mlango ni wajukuu wa wale wa miaka miwili mitatu.

## Upande wa pili una hoja

Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu, na ndiyo sababu makala hii imechelewa.

Serikali ya Uingereza inasema vibali ni vya muda kwa sababu Ukraine yenyewe inataka watu wake warudi. Hilo si uongo. Kyiv ilianzisha wizara nzima Desemba 2024 kwa ajili ya kushughulikia raia walioko nje. Nchi iliyopoteza mamilioni ya watu, wengi wao wanawake wenye elimu na watoto, itajengwa na nani? Mimi, niliyeacha wodi ya hospitali ya wilaya yenye wauguzi wachache kuja kuwageuza wazee wa Berkshire vitandani, nina uso gani wa kusema Kharkiv haiwahitaji wahasibu wake?

Na mwenyewe hasemi hataki kurudi. Nyumba yake iko Saltivka, ule mtaa wa maghorofa wa kaskazini uliopigwa vibaya mwaka 2022. Madirisha yamefunikwa mbao. Bado analipia bili za jengo. Ukimuuliza kwa nini, anakutazama kama umeuliza kwa nini anapumua.

Basi nikawa upande wa serikali kwa siku kadhaa. Nikajiambia: labda kumpa mtu mizizi huku ni kumng'oa kule.

Lililonitoa huko ni kuwatazama watu wetu.

Ni nani kati yetu anayerudi nyumbani? Namaanisha kurudi kweli, kukaa miezi, kufungua duka Kisongo, kulea mama mgonjwa. Ni wenye karatasi za kudumu. Mwenye kibali kifupi hathubutu. Namjua kaka mmoja ambaye hakumzika mama yake kwa sababu ombi lake la viza lilikuwa mezani, na ukitoka nchini ombi likiwa halijaamuliwa linahesabika umeliondoa mwenyewe. Alitazama mazishi kwa simu, kwenye gari, nje ya kazini. Tangu nipate barua yangu, jambo la kwanza nililofanya ni kuanza kuhesabu likizo ya kwenda Usa River kwa muda mrefu, kwa sababu sasa naweza: sharti ni nisikae nje zaidi ya miaka miwili mfululizo.

Kwa hiyo mimi nimeshafika upande huu: kibali kisicho na mwisho kingempa Mama Danylo nafasi ya kwenda kujaribu. Akae Kharkiv miezi mitatu, aone kama shule inafanya kazi, kama mume bado ni mume, kama mishipa inahimili ving'ora. Ikishindikana arudi. Kwa kibali cha sasa, akiingia kwenye jaribio hilo anaogopa kupoteza vyote, basi anabaki. Anabaki, lakini hakai. Hanunui kabati kubwa. Hajisajili kozi ya uhasibu ya hapa, ya miaka mitatu, ingawa kichwa anacho. Njia ya viza ya kazi yenye kuelekea makazi ya kudumu ipo, ila kwa kawaida inadai mshahara wa pauni 41,700, na hakuna mfanyakazi wa kea ninayemjua anayeikaribia. Angeifikia kama mhasibu. Mnauona mzunguko.

Sera inayotaka watu wasizoee imefanikiwa kwa mtu mzima. Kwa watoto haikufanikiwa hata siku moja.

## Na sisi pia

Novemba 2025, keki yangu haijakauka, serikali hiyo hiyo ikatoa mapendekezo kwamba njia ya kawaida ya makazi ya kudumu iwe miaka kumi badala ya mitano, na kwa walioletwa na viza za kea iwe kumi na tano. Yanawagusa hata waliokwisha fika na kuanza kuhesabu.

Kundi la WhatsApp liliwaka. Wapo waliobakiza miezi. Yule yule aliyeniandikia habari ya ngozi na pasipoti alituma ujumbe wa sauti, na sauti ilikuwa ya mtu aliyekaa chini.

"Dada, sasa tunahesabiwa au hatuhesabiwi?"

Sikufurahi kuona tumesogea karibu na Waukraine. Hakuna faraja ndani yake. Ila nimeacha kuyaweka mambo haya kama mizani, wao wamepewa, sisi tumenyimwa. Tangu 2022 Mama Danylo na mimi tunalipa kodi ile ile ya mapato, tunageuza migongo ile ile ya wazee ili isipate vidonda, na kila mmoja anapimwa kwa saa ya mtu mwingine, ambayo mtu huyo anaweza kuirudisha nyuma apendapo.

## Ngazi

Danylo ana miaka 16 sasa na anafanya mitihani ya GCSE, ile ya sekondari ya huku, mwaka huu. Mama alitaka aendelee na masomo ya chuo kikuu. Yeye anataka kuwa fundi umeme. Walivutana majira yote ya baridi, na mimi nikaitwa kama shangazi wa kuamua, nikakataa kuamua.

Mafunzo kazini ya umeme huchukua miaka mitatu hadi minne. Kampuni ya kwanza, kubwa, yenye magari yenye nembo, ilimpenda kwenye usaili, kisha ikaandika kwamba inahitaji kijana mwenye kibali kinachofunika muda wote wa mafunzo. Barua ilikuwa ya adabu. Mama aliisoma mara moja akaipeleka kwenye faili. Ana faili la barua za adabu.

Ya pili ni ya mzee mmoja na wanawe wawili. Nilikwenda nao, maana mama alitaka mtu wa kumsaidia Kiingereza cha fundi, ambacho hata mimi nakipata nusu. Mzee alikitazama kibali kwenye simu kwa sababu sheria inamtaka, akairudisha simu. Akamuuliza Danylo kama anaogopa kupanda ngazi.

Mama Danylo, ambaye ameshazoea, ndiye aliyeitaja tarehe. Akaeleza kwamba kibali kinaisha mwanzoni mwa 2027, kwamba kuna miezi 24 iliyotangazwa, kwamba baada ya hapo hakuna anayejua.

Mzee akasema hata yeye hajui kama atakuwa na kampuni mwanzoni mwa 2027, akamgeukia tena kijana na kumuuliza habari ya ngazi.